Sakafu ya Nyumba ya Bi Asia

Maji yaliingia Jumapili mchana, watu wakiwa kanisani.

Mwaka ule wa tisini na saba mvua ilinyesha hadi watu wakachoka kuilalamikia. Redio ilisema inaitwa El Nino, na watu wa Kibondo wakalitamka jina hilo wanavyojua wenyewe, kama jina la mgeni mkorofi aliyekataa kuaga. Malori ya chakula cha wakimbizi yalikuwa yameitifua barabara ya juu, mfereji ukajaa tope, na maji yalipokosa pa kupita yakateremka kwenye nyumba. Ya kwanza kukutana nayo ilikuwa nyumba waliyopanga Esteri na mumewe Venanti.

Waliporudi kutoka ibadani walikuta mlango umesukumwa na sufuria zinaelea sebuleni. Venanti aliingia kwanza. Alikibeba kichwa cha cherehani, akakiweka juu ya meza, kisha akasimama amekishikilia kana kwamba maji yangeweza kumpokonya. Cherehani ile ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Venanti alitengeneza baiskeli sokoni, kazi ambayo leo ipo na kesho haipo. Esteri alishona sare za shule na magauni ya akina mama wa kwaya, na sebule ile ndiyo iliyokuwa duka lake.

Maji yalipoondoka, sakafu iliondoka nayo. Kumbe ilikuwa saruji nyembamba tu iliyopakwa juu ya udongo, kama ukoko wa ugali. Udongo ulipovimba, ukoko ukapasuka. Ulipokauka, ukadidimia na kuacha mashimo. Miguu ya cherehani ikawa inacheza, mshono unakwenda upande. Mtoto mdogo, Bazilio, aliyekuwa ameanza kutambaa, akashikwa na kikohozi kisichosikia dawa. Dada yake Ininahazwe, mwenye umri wa kwenda shule, akaanza kutembea kwa visigino kwa sababu funza walikuwa wameingia vidoleni.

Esteri alimtumia mwenye nyumba salamu kwa dereva wa basi.

Mwenye nyumba alikuwa Bi Asia, mjane wa mfanyabiashara aliyetoka Tanga zamani akafia Kasulu. Alikaa hukohuko Kasulu na mwanawe Lukmani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nyumba ya Kibondo alijengewa na marehemu mumewe, na kwake ilikuwa zaidi ya kodi. Kila Sikukuu ya Idi, Esteri ndiye aliyemshonea, na Bi Asia hakukubali fundi yeyote wa Kasulu amguse kwa futi kamba yake.

Alikuja mwenyewe, kanga ameifunga juu ya magoti, viatu mkononi.

"Shikamoo, Bi Asia."

"Marahaba, mwanangu. Poleni. Poleni sana." Alizunguka vyumba vyote, akamtazama Bazilio anavyopumua, akamgusa kifua. "Huyu hawezi kulala hapa. Nitamwambia Lukmani. Sakafu lazima ibadilishwe, na safari hii iwekwe ya kudumu. Wewe ndiye unayekaa humu, wewe ndiye utakayechagua."

Ndivyo Esteri alivyojikuta Kasulu, dukani kwa Lukmani, amekaa juu ya gunia la misumari huku Bi Asia akimimina chai.

Lukmani hakuwa mtu mbaya wa kuongea naye. Alicheka, aliuliza habari za watoto, kisha akavuta bunda la kapeti la plastiki lililokuwa limeegemea ukuta hata watu wamesahau lilikuja lini. Alilikunjua mpaka mlangoni. Lilikuwa na maua mekundu na majani ya kijani, linang'aa, linanukia upya.

"Hili, dada yangu, unatandika leo, kesho unapiga deki. Hakuna fundi, hakuna vumbi. Mabonde tutayajaza mchanga, basi."

Esteri alipiga magoti akalipapasa. Hakuwa amewahi kuwa na kitu chenye maua nyumbani isipokuwa kanga. Alijiona kabisa, wateja wanavua viatu mlangoni, wanatazama chini, wanasema loh. Aliyakalia maua yale kwa muda.

"Maji yakiingia chini yake," aliuliza mwishowe, "yatatokea wapi?"

Lukmani alicheka. "Kwani yataingia tena?"

"Barabara ni ileile. Malori ni yaleyale."

"Basi tukwangue, tupige saruji juu, tupake rangi nyekundu. Nyumba nyingi za hapa ndivyo zilivyo."

"Na ya kwetu ndivyo ilivyokuwa," alisema Esteri, taratibu, akimwangalia Bi Asia asije akaona amevunjiwa heshima. "Shida yake haikuwa juu, mama. Ilikuwa chini. Hakukuwa na jiwe hata moja."

Bi Asia aliweka kikombe. "Sema unachotaka."

Esteri alisema. Alitaka udongo wote mbovu utolewe, yashindiliwe mawe, limwagwe zege, na juu yake ipigwe niru ya saruji mpaka iwe laini kama sahani. Na alitaka sakafu iinuke kuliko kizingiti cha zamani, ielekee mlangoni, ili maji yakija yakute mwinuko na yakiingia yajue njia ya kutoka.

"Hiyo ni sakafu ya benki," alisema Lukmani, na tabasamu likampungua. "Saruji nitaitoa mimi. Mawe nani atayabeba? Mchanga? Kibarua?"

"Mimi," alisema Esteri.

Bi Asia alimshika mkono pale pale mbele ya mwanawe. "Beba mawe, mwanangu. Utakaa katika nyumba ile mpaka huyo Ininahazwe umuoze. Mimi ndiye ninayesema."

Maneno hayo Esteri aliyasikia kwa masikio yake, na Lukmani pia aliyasikia, maana aliinamisha kichwa akaanza kulikunja lile kapeti.

Mwezi mzima uliofuata, kila mvua ilipokatika, Esteri alikwenda mtoni. Akina mama wa kwaya walikuja kumsaidia, wakapanga foleni wakiwa na ngata vichwani, wakiimba nyimbo za kanisa kwa Kiha ili mzigo usahaulike. Venanti alifunga mawe makubwa nyuma ya baiskeli na kuisukuma mlimani. Esteri alikuwa amezoea kubebwa na kubeba. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili yeye akiwa mgongoni, wakakaa Nyabibuye wakilima mashamba ya watu, na utoto wake wote aliupitisha chini ya vicha vya kuni na ndoo za maji. Lakini mzigo ule wa mawe aliupenda. Alimwambia Venanti, "Hili la leo linakaa chini ya kitanda chetu," na Venanti akamwambia ameanza kurukwa na akili.

Fundi waliyempata aliitwa Makarius, mtu wa mzaha, mvivu kidogo asubuhi. Alitaka kupunguza kina cha mawe amalize mapema. Esteri hakumwondolea macho. Alishona nje kwa jirani asubuhi, mchana akaja kusimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Mama, wewe unajenga daraja au chumba?" aliuliza Makarius.

"Shindilia."

"Nimeshindilia."

"Shindilia tena. Hapo mguu wangu unazama."

Kabla ya zege walitandaza turubai la plastiki, lile lililouzwa sokoni na wakimbizi waliohitaji chumvi kuliko paa, ili unyevu usipande. Kisha zege likamwagwa, likanyeshewa maji siku kadhaa, na mwisho Makarius akapiga niru kwa mwiko wake, akirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Alipotoka, hata yeye alisimama akatazama kazi yake bila mzaha.

Mvua kubwa ilirudi mwezi wa tatu. Maji yaliteremka kutoka barabarani kama mara ya kwanza, yakagonga ukingo wa mlango, yakageuka, yakaenda zake bondeni. Majirani walikuja kuangalia. Esteri aliweka cherehani katikati ya sebule akakanyaga, na haikucheza hata kidogo. Kikohozi cha Bazilio kilipungua hadi kikasahaulika. Alijifunzia kutembea pale, kwa sababu pale palikuwa sawa. Ininahazwe alipona vidole, akawa analala chali sakafuni mchana wa jua anapata ubaridi na kusoma kitabu chake cha shule kwa sauti. Ikawa watu wanaokuja kupima nguo wanavua viatu bila kuambiwa.

Esteri alifurahi miezi minne.

Kiangazi kilipoingia, gari jeupe lilisimama mlangoni. Lukmani alishuka, na pamoja naye kijana wa shirika moja la misaada, miwani ya jua, suruali ya mifuko mingi. Kibondo yote ilikuwa imejaa mashirika wakati ule. Wakimbizi waliongezeka makambini, na walioletwa kuwahudumia walihitaji pa kulala na pa kuweka ofisi. Watu waliokuwa wakipanga vyumba waliviona vinapanda bei juu ya vichwa vyao kama papai lililokosa wa kuliangua.

"Mwakeye," Esteri aliwasalimu kwa Kiha, akainuka kwenye cherehani.

Lukmani aliitikia haraka. Yule kijana alikuwa na adabu, aliomba ruhusa ya kuingia. Alitazama dari kidogo, kuta kidogo, kisha akatazama chini. Alipiga kisigino sakafuni, mara moja, akasogea, akapiga tena.

"Nyumba zote tulizoona zina unyevu," alimwambia Lukmani. "Makaratasi na mashine vingeoza. Hii inafaa."

Esteri alikuwa amesimama na gauni la mtu mkononi. Hakuna aliyemwambia neno. Lukmani aliwatazama watoto, akasema, "Nitakuja tuzungumze, dada," akapanda gari.

Hakuja. Alituma taarifa kwa dereva wa basi, yule yule aliyekuwa akipeleka salamu zao: wahame mwisho wa mwezi.

Esteri alipanda lori la mahindi akaenda Kasulu. Alimkuta Bi Asia uani anachambua mchele. Mama yule alipomwona aliacha ungo, na Esteri akajua kwamba amekwisha kujua yote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mikono yake haikujua pa kwenda. "Kaa, mwanangu. Umekula?"

"Mama, uliniambia nibebe mawe."

"Nilikuambia."

"Ukasema nitakaa."

Bi Asia alifuta macho kwa upindo wa kanga. "Mimi nina jina la nyumba tu, Esteri. Mwenye nyumba ni Lukmani. Yeye ndiye anayenilisha, yeye ndiye aliyelipa hospitali nilipougua. Nikimwambia hapana, ananiuliza, mama, yule Mrundi ni mwanao zaidi yangu?"

Neno hilo lilikaa kati yao. Esteri alikuwa amezoea kulisikia sokoni na kwenye foleni. Hakuwa amelisikia katika ua ule.

"Na wewe ulimjibu nini?"

Bi Asia aliurudia ungo. Aliokota chenga moja ya mchele, akaitazama, akaitupa.

"Basi nipe mpaka mavuno ya maharage," alisema Esteri. "Mtoto alikuwa mgonjwa. Nikitafuta haraka nitapata banda."

"Nitamwomba."

"Utamwomba?"

"Nitamwomba, mwanangu."

Jibu lilikuja kabla Esteri hajafika Kibondo vizuri. Lukmani alikuwa amekwisha kupatana na shirika, na tarehe ilikuwa ileile.

Siku ya kuhama Venanti alileta mkokoteni. Walipakia kitanda, cherehani, mabeseni. Nyumba ilipobaki tupu, Venanti alitazama ile sakafu pana na safi, akachukua nyundo yake kubwa ya kunyooshea fremu.

"Niache," alisema. "Tuliikuta ya udongo. Wapewe ya udongo."

Esteri alimnyang'anya nyundo. Venanti alidhani anazuiwa, na majirani waliokuwa mlangoni walidhani hivyo pia. Lakini Esteri alipiga magoti katikati ya sebule, pale cherehani ilipokuwa ikikaa, akaiinua nyundo kwa mikono miwili, akaishusha.

Ililia kama kengele. Pakabaki alama nyeupe, ndogo kama ukucha.

Alipiga tena, akapiga tena. Mikono ilikufa ganzi mpaka mabegani, cheche zikaruka, na niru ilibanduka kipande kidogo. Chini yake zege lilikuwa zima, la kijivu, gumu, limeshikana na mawe aliyoyabeba yeye. Aliendelea kupiga huku akilia, si kwa sauti, na kila pigo lilimrudia mwilini. Ininahazwe alisimama na ndoo kichwani, anamtazama mama yake. Mwishowe Venanti alimkamata mikono.

"Haivunjiki, Esteri," alisema. "Acha. Haivunjiki."

Aliinuka, akakung'uta gauni. Juma lililofuata walisikia kwamba Makarius ameitwa akaziba pale palipobanduka, na kwamba Lukmani alisema sokoni kuwa hawa ndio watu wa kuja, unawaweka ndani wanakuvunjia.

Vyumba vya mjini walikuwa hawavifikii tena. Walipata kimoja upande wa bondeni, nyuma ya mashine ya kusaga, chumba cha tofali mbichi na sakafu ya udongo. Esteri aliikandika kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu kama alivyofundishwa na mama yake Nyabibuye, akaifagia kila asubuhi. Ikawa inakubali kiangazi na kukataa masika. Wateja wake wengine walimfuata, wengine waliona mbali. Akina mama wa kwaya walimtembelea, lakini waliposhika njia ya kurudi walikuwa hawasemi mengi, kwa sababu wao pia walibeba mawe yale na wao pia walikuwa wapangaji.

Mwaka mmoja ukapita na zaidi kidogo. Shirika lile likamaliza mkataba wake, likafunga masanduku, gari jeupe likaondoka. Kibondo hakukuwa tena na mtu wa kulipa kodi ile. Nyumba ikakaa imefungwa, nyasi zikaota mlangoni.

Hapo ndipo Bi Asia alipokuja, peke yake, akiuliza njia mpaka akafika kwenye chumba cha bondeni. Alikuwa amekonda. Esteri alimpa kigoda akaendelea kushona.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema Bi Asia. "Na kukurudisha. Nyumba ipo wazi. Kodi itakuwa ya zamani. Sakafu ni ileile, mwanangu, haina hata ufa. Waliweka jenereta juu yake na haikutikisika."

Venanti, aliyekuwa akiziba tairi mlangoni, aliacha kila kitu akainua uso. Uso ule ulikuwa umekwisha kukubali.

"Lukmani anasemaje?" aliuliza Esteri.

"Ndiye aliyenituma."

"Akikosa mwingine."

Bi Asia hakubisha. "Akikosa mwingine," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kusema uongo.

Esteri alikata uzi kwa meno. Alilitaka lile zege. Alilitaka kwa mwili wote, kwa nyayo, kwa kifua cha Bazilio ambacho kilikuwa kimeanza tena kukorota kila mvua. Aliweza kulitembea akiwa amefumba macho.

"Hapana, mama," alisema.

"Esteri."

"Nakushukuru kwa kuja. Njia ni mbaya, nenda kabla mvua haijaanza."

Bi Asia aliinuka, akamshika Bazilio kichwani, akaondoka akishikilia ukuta. Hakuna aliyemsindikiza.

Venanti alisubiri mpaka kanga yake ikapotea nyuma ya mashine ya kusaga. "Ulimkatalia kwa ajili yako," alisema, "au na hawa watoto ulikuwa umewauliza?"

"Ningekubali, halafu? Kila gari likisimama mlangoni niache kushona nisikilize kama linatujia sisi?"

"Kila anayepanga anasikiliza magari, Esteri. Hata hapa tunasikiliza. Tofauti ni kwamba hapa tunasikiliza tukiwa kwenye tope."

Alirudi kwenye tairi lake, akaanza kulikwangua kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mvua ilianza kupiga bati la mashine ya kusaga. Esteri alilivuta gauni la mteja magotini akaendelea na upindo, maana mwenye gauni alikuwa amesema atalifuata jioni.